Shule Niliyokuchagulia, Ngoie

Kamina, Jumapili, jua likianza kushuka

Mwanangu Ngoie,

Barua hii huwezi kuisoma. Una miaka mitano, na herufi unayoijua ni moja tu, ile O, unayoichora mchangani kwa kidole na kuiita shimo. Ninaandika hivyo hivyo. Kesho asubuhi gari la moshi litakuchukua kuelekea upande wa Kasai, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema pale gare, kwenye stesheni, mbele ya watawa, wala wewe huwezi kuyashika kichwani kwa umri wako. Mambo ya kunawa, ya kusali, ya kufunga viatu, wengine watakufundisha. Wameniambia hivyo mara nyingi, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa likinisumbua.

Nitakueleza jambo moja, jinsi nilivyokuchagulia shule, na jinsi shule ile ilivyotufikisha hapa. Ukiwa mkubwa watu watakueleza kwa namna yao. Watasema mama yako alikutoa kwa hiari. Au watasema alikufa. Nataka na neno langu liwepo mahali. Sitaliweka katika sanduku lako, maana sanduku hilo litafunguliwa na mikono mingine kabla ya yako. Nitampa Mama Zaina, jirani yetu, ambaye mume wake ana duka na nyumba ya matofali, na hakuna wa kuwahamisha.

Nimezoea kuandika Kiswahili cha misioni, kile nilichofundishwa nikiwa msichana. Mkono wangu haujui kingine. Lakini watu watakaosema humu ndani nitawaacha waseme kama walivyosema.

Baba yako alikuwa mzungu wa kujenga, mmoja wa wale waliokuja wakati kambi kubwa ya ndege ilipoanza. Mimi nilikuwa nikifua na kupiga pasi katika nyumba zao. Hakuwa mtu mbaya, na sitakudanganya kwamba alikuwa hivyo ili uone urahisi wa kumchukia. Alikuwa anacheka kwa sauti. Alikula bukari, ugali wetu, kwa mkono, akaunguza vidole kila mara. Ulipozaliwa alikutazama masikio akasema haya ni ya mama yake. Ulipoanza kukaa peke yako, akaenda konji, yaani likizo, kwao Bulaya. Alisema atarudi mvua zikikatika. Zikakatika, zikaja nyingine. Nyumba yake akapewa mzungu mwingine mwenye mke, na mimi nikabaki kwenye pasi ile ile, nikinyoosha mashati ya mtu mwingine.

Nikasubiri. Nilikulea kama mtu aliyewekewa kitu cha mwenzake akitunze. Kila nilipokuvalisha nilijiuliza: akirudi leo, atamkutaje mtoto wake? Jioni, nikitoka kazini, tulikuwa na mchezo wetu. Nilivaa kikapu kichwani kama kofia ya kizungu, nikasimama nje ya mlango nikikaza sauti: "Ngoie iko wapi?" Na wewe ulikuwa unatoka mbio nyuma ya pazia unasema, "Bonzur, papa!" Tulicheka wote wawili. Nilikuwa nakufundisha ukarimu, ndivyo nilivyodhani.

Ulipoanza kukimbia sikuweza tena kwenda nawe kazini. Madame wa nyumba ile alikuona siku moja umekaa karibu na ndoo. Akakutazama wewe, kisha akamtazama mume wake aliyekuwa anakunywa kahawa barazani, kisha akakutazama wewe tena. Mume wake hakuwa na kosa, hakuwa hata amefika Kongo ulipozaliwa. Lakini Madame alisema, "Usimlete huyu tena." Hivyo nikaanza kutafuta mahali pa kukuacha.

Wa kwanza kuja alikuwa mama yangu, nkambo wako. Alisafiri kutoka kijijini, upande wa Kabongo, na kuku wawili na kapu la unga wa mihogo. Hakukaa hata kitini.

"Unipe mutoto," akasema.

"Mama, kule kwenu hakuna masomo."

"Kwetu kuna kukula, na kuna fasi ya kufichama. Mutoto ya rangi hii habamupelekake kwa bantu benye kuandika, mwanami. Leta inabakusanya."

Leta ndiyo Serikali, siku hizi tunaiita hivyo. Nkambo alinieleza habari ya mwanamke wa kijiji cha pili ambaye mtoto wake, wa rangi kama yako, alichukuliwa na gari, na mwanamke yule hadi leo anaweka sahani mbili. Nilisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za simba waliokula watu zamani. Nilikuwa nimelelewa na watawa, Ngoie. Baba yangu alinipeleka misioni nikiwa mdogo, na watawa hawakunifanyia ubaya. Kulikuwa na mmoja mzee, mwenye vidole vilivyopinda, aliyeushika mkono wangu ndani ya wake mpaka nikaweza kuandika jina langu. Nilipougua alikaa nami akinipepea kwa aproni yake. Nilipofikiri kuhusu bantu benye kuandika, nilimfikiria yeye. Ndiyo maana sikuogopa. Nilikuwa na sababu nzuri za kukosea, na sababu nzuri ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa ukiwa nazo humsikilizi mtu.

Nkambo akarudi kwake bila wewe. Alikuachia kuku.

Mama Zaina naye akasema, "Mama Ngoie, mulete kwetu. Atakaa na batoto bengine." Unamjua Mwalimu Ramazani, mume wake, mtu wa Maniema, asubuhi anauza vitambaa, na kabla ya kufungua duka anafundisha watoto barazani, juu ya mikeka. Nilikupeleka siku moja kutazama. Watoto walizigusa nywele zako, wakaulizana, kisha mmoja akasogea, akakupa nafasi. Hukukaa muda ukaanza kuitikia nao, hujui unachosema, ukiyumba mbele na nyuma kama wao. Mwalimu alinijia.

"Hapa hatuulize rangi," akasema. "Lakini sitakudanganya, mama. Akikaa atasoma Kurani. Kifaransa sina."

Alikuwa ndiye mtu pekee, katika wote niliowaendea, aliyeniambia waziwazi atakachokupa na asichonacho. Nikamshukuru, nikakutoa mkekani. Nilimwambia Mama Zaina kwamba padri asingenipa komunyo. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Nilitaka Kifaransa. Nilitaka baba yako akirudi akukute una maneno mengine zaidi ya bonzur.

Ikabaki shule ya watawa, ile wanayoiita gardieni, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Ilikuwa ya watoto wa watu wa reli tu, wale wadogo ambao bado hawajafika umri wa kusoma. Nilikwenda kujaribu bahati. Nilikuosha, nikakuvika gauni la njano, nikakubeba mgongoni usije ukachafuka na vumbi jekundu la njiani.

Tulisimama foleni barazani na wake za wafanyakazi. Mbele yangu alikuwa mwanamke ambaye mume wake anafanya kazi katika karakana ya reli; mtoto wake alikuwa na haki kamili. Mamere Agata, mtawa aliyeisimamia gardieni, akamwambia kwa upole, "Nafasi zimekwisha, mama. Rudi mwaka ujao." Kisha akainua macho akakuona mgongoni kwangu. Uso wake ukabadilika. Akasimama kutoka mezani.

"Na huyu?"

"Ni mwanangu, Mamere. Lakini sina mume wa reli."

"Haidhuru. Anaitwa nani? Na baba yake?"

Nikamtajia jina la baba yako. Nilikuwa nimelishika vizuri, na jina la ukoo pia, na nilifurahi kwamba mtu ananiuliza. Mamere akakuchukua mikononi mwake, nawe hukulia. "Mlete kesho," akasema. Yule mwanamke wa karakana alinitazama tulipopishana mlangoni, akasema, "Yako njo iko na rangi ya kufungua mulango."

Mwanangu, sikuona haya. Niliona fahari. Nilipita mbele yake kama mtu aliyeshinda, nikirudi nyumbani na gauni lako la njano likipepea ubavuni kwangu.

Jioni Mama Zaina akaja kusikia habari. Nilimweleza yote.

"Hakuuliza kazi yako?"

"Hapana."

"Hakuuliza utalipa na nini?"

"Hapana. Aliuliza tu jina ya baba yake."

Mama Zaina akaokota kijiti akaanza kukivunja vipande. "Basi malipo aliuliza," akasema.

Na mimi nikadhani ni wivu.

Nikuambie pia ulivyoipenda, ili usifikiri palikuwa mahali pabaya. Palikuwa pazuri. Hilo ndilo linalonishinda hadi leo. Kulikuwa na viti vidogo vya kimo chenu, na mabeseni madogo ukutani, na kila mtoto alikuwa na msumari wa kutundikia aproni, na juu ya kila msumari picha badala ya jina. Yako ilikuwa mwavuli. Mlikunywa maziwa katika vikombe vya bati, mkalala mchana juu ya mikeka, mkaamshwa kwa wimbo. Nyumbani ulipanga mawe mstari mmoja barazani ukayaambia yanyamaze. Kuku mmoja wa nkambo ulimfundisha kunawa. Ulianza kusema mersi ukipewa chakula, na mimi nilikuwa natafuta kila njia ya kukupa kitu ili nisikie. Sijawahi kukuona umefurahi kuliko miezi ile, na sijawahi kufurahi kuliko miezi ile mimi mwenyewe. Ningechaguaje kingine?

Siku moja ulirudi ukasema, "Mama, muzungu alikuya kwa gardieni. Alinitazama mingi."

"Muzungu gani?"

"Wa kofia. Aliniuliza papa iko wapi. Nikamuambia iko konji."

Kesho yake nilimuuliza Mamere Agata. Alikuwa anamfunga mtoto aproni, hakunitazama. "Ni Bwana wa teritwari, anayetawala wilaya hii," akasema. "Anatembelea shule zote." Na kweli alikuwa anatembelea shule zote. Lakini hakuwatazama watoto wote.

Mvua zilipoanza, polisi akaja kuniita ofisini. Bwana yule alikuwa bado kijana, na ngozi ya pua ilikuwa imeungua jua. Hakunifokea. Aliniambia kwa Kiswahili chao kwamba mtoto wa baba mzungu asiyekuwepo ni mtoto wa Leta; kwamba kuna nyumba ya watawa mbali, upande wa Kasai, ambako watoto kama wewe wanalelewa pamoja; kwamba utasoma, utavaa viatu, utakuwa mtu.

"Nilimuzaa minyi, mama yake," nikasema.

"Hakuna muntu anakataa."

"Basi abaki kwangu."

Akaniambia kwamba mwanamke asiye na mume anakaa mjini humu kwa ruhusa tu, na ruhusa inaweza kwisha. Akasema hata nikikataa, utaenda. Akanisogezea karatasi na kibweta cha wino nitie kidole. Nikasema najua kuandika. Nikashika kalamu nikaandika jina langu, polepole, kwa mwandiko wa misioni, herufi zote zimesimama wima. Mwandiko mzuri. Hata Bwana aliutazama. Kitu gani kilinifanya niandike vizuri, Ngoie? Nilikuwa nakutia mkononi mwao na bado nilitaka waone kwamba nimesoma.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipopata akili. Nilimwendea Mama Zaina, sikuweza hata kukaa. Mwalimu Ramazani alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka, akarudi kusema kwamba lori la ndugu yake linapeleka chumvi na vitambaa Kabongo, na dereva atatuacha njiani karibu na kwa nkambo. Wangeweza kunyang'anywa kibali cha biashara kwa ajili yetu. Hakuna aliyelitaja hilo. Mama Zaina alikufunga kitambaa kichwani akasema, "Muende. Mungu iko mbele." Tulisafiri kati ya magunia ya chumvi. Ulilala njia nzima.

Siku zile za kijijini ndizo nilizobaki nazo, na nitazikalia mpaka nife. Ulikula mahindi ya kuchoma mpaka midomo ikawa myeusi. Ulifuata wenzako mtoni. Nkambo hakunikumbusha maneno yake hata mara moja, na nilitamani anikumbushe, ningepata pa kulilia. Kila asubuhi alichanganya masizi ya chungu na mafuta ya mawese akakupaka uso, shingo, mikono na miguu. Ulijitazama katika maji ya beseni ukacheka. "Nkambo, niko sawa weye!" Akakujibu, "Ulikuwaka sawa minyi toka zamani."

Kisha wakaja. Tuliisikia gari kabla ya kuiona. Nkambo akatusukuma ndani ya ghala ya mahindi, akafunga, akaketi mbele yake akaanza kutwanga. Nilikukumbatia gizani. Nilikuziba mdomo kidogo, kwa upole, nikakunong'oneza tunacheza kujificha. Ulikubali kwa kichwa. Nilimsikia shefu wa kijiji akisema, "Hapana, Bwana. Hapa hakuna mutoto ya vile." Namshukuru, baadaye walimpiga faini kwa neno lile. Viatu vikazunguka nyumba. Vikaenda, vikarudi, vikasimama. Na yule Bwana, kwa kuwa alichoka, au kwa kuwa hakujua la kufanya tena, akaita kwa nguvu katikati ya uwanja:

"Ngoie iko wapi?"

Mwili wako uliruka mikononi mwangu. Niliusikia moyo wako. Nilijua unachofikiri kabla sijaweza kukaza mikono, maana maneno yale ni mimi niliyekufundisha. Ulikuwa umepakwa mafuta, ukateleza. Ulisukuma mlango mdogo wa ghala, ukapita begani kwa nkambo, ukakimbia uwanjani na masizi yako usoni, ukasimama mbele ya kofia ile, ukaunganisha miguu kama mlivyofundishwa gardieni, ukasema:

"Bonzur, papa."

Polisi, Mluba kama sisi, alitazama pembeni. Bwana alivua kofia yake. Nilitoka nikiwa na makapi ya mahindi kichwani, nawe ukanigeukia, umefurahi mno.

"Mama, njo yeye?"

"Hapana, mwanangu. Haiko yeye."

Ukamtazama tena, ukanitazama. "Sasa gisi gani anajua jina yangu?"

Nkambo ndiye aliyesimama wa kwanza. Aliomba maji. Alikuosha masizi yote, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, bila haraka, na wale watu wakamsubiri. Alisema kwa Kiluba kwamba mjukuu wake hataingia garini akiwa mchafu. Kisha akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango, na hatukumwona tena.

Ngoie, ni kwa ajili ya jambo hili nimeketi kuandika. Watoto husahau mengi, lakini kuna vipande vinavyobaki bila mwanzo wala mwisho. Naogopa kipande hiki kitabaki kwako. Naogopa siku moja, ukiwa msichana mkubwa umelala katika safu ya vitanda kule nisikokujua, utakumbuka uwanja, na kofia, na wewe mwenyewe ukikimbia kutoka mafichoni, na utasema: ni mimi niliyejitoa. Si wewe. Uliitwa, ukaitika. Ulimsalimu mtu kwa adabu. Ulifanya sawasawa kila kitu tulichokufundisha, Mamere na mimi. Waliokosa ni wakubwa, na wakubwa wale mmoja wao ni mimi, na hakuna hata sehemu ndogo ya lawama ile iliyo yako. Lisome neno hili mara mbili.

Tangu turudi Kamina umelala kwa watawa, kwa kuwa hawaniamini tena. Wananiruhusu kukuona mchana. Nilimwendea Mamere Agata faraghani. Nilitaka awe mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Monika," akaniambia, "hapa atakuwa nani? Weusi watamcheka, wazungu hawatampokea. Kule atakuwa na wenzake."

Swali hilo nilikuwa nimejiuliza mwenyewe, usiku mwingi, kabla hata hujaanza kutembea. Ni swali hilo hilo lililonifanya nikupeleke kwake. Nikauliza tu, "Na minyi, Mamere?"

Akanishika bega. "Wewe bado kijana. Utazaa wengine."

Aliyasema kwa huruma. Nataka ujue kwamba aliyasema kwa huruma, ili siku mtu akikuhurumia namna hiyo, umtambue.

Nimeomba kuja kukuona. Wanasema ni mbali, na kwamba ziara za mama zinawasumbua watoto. Nimeomba ruhusa ya njia kwenda Kasai. Sina mume wa kuniombea, hawatoi. Upande ule nimefika Kaniama tu, kwenye mashamba ya mahindi. Mbele ya Kaniama sijui nchi ikoje, hata siwezi kukufuata kwa mawazo; treni inaingia mahali peupe. Sijui pia watakuandika jina gani. Watawa wanakuita Klara, na huenda watakupa na la ukoo wasilolitoa kwangu wala kwa baba yako. Jina lako ni Ngoie, la mama wa mama yangu.

Ningependa kukuachia shauri. Mama wengine wanaandika mashauri. Siku moja huenda na wewe utasimama kwenye mlango wa shule na mtoto mgongoni, nami nimejaribu tangu mchana kufikiri ningekuambia nini. Ningesema usidanganywe na vikombe safi? Lakini vikombe safi ni vizuri, na mtoto anastahili. Ningesema msikilize mama yako mzee? Nkambo alikuwa na haki, lakini alikuwa anaogopa pia radi na picha. Ninachojua ni kidogo. Mwalimu Ramazani aliniambia asichonacho. Kule kwingine sikuambiwa neno, na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimepokewa upesi na nilikuwa nimechoka kukataliwa. Mtu aliyechoka kukataliwa hachagui, mwanangu. Anaangukia. Nilidhani ninakuchagulia shule, kumbe ni shule iliyokuchagua, kwa rangi ya ngozi yako, nami nikaifungia kifungo cha aproni kila asubuhi.

Mchana huu nilikuja kukuaga. Walituacha tukae kwenye ngazi, mtawa mmoja kijana akiwa karibu. Ulikuwa na viatu vipya, ulikuwa unavigonganisha. Umeambiwa utapanda treni, na umefurahi kwa ajili ya treni. Uliniuliza kama kule nako kuna gardieni. Nikasema iko. Ukauliza kama watakupa tena mwavuli. Nikasema watakupa.

Kisha ukaacha kugonganisha viatu.

"Mama, saa ya kutoka, utakuya kunitwala?"

Kila siku ya gardieni nilikuja. Hata siku za mvua, hata siku Madame aliponichelewesha, nilikimbia, na nilikukuta umesimama kizingitini, aproni mkononi, umeshajitayarisha. Hukuwahi kulia ukinisubiri. Mamere alishangaa: wengine walilia, wewe ulisimama tu, ukitazama njia.

Mtawa kijana alinitazama. Ningeweza kukuambia kweli. Nilifungua mdomo niiseme.

"Nitakuya," nikasema.

Ukanyanyuka, ukaenda ndani, hukugeuka, kwa sababu mtoto anayejua mama yake atakuja hana haja ya kugeuka.

Najua utasimama mlangoni kule, Ngoie. Kesho kutwa, na siku zinazofuata, umejitayarisha, ukitazama njia. Sijui itachukua muda gani mpaka mtu akuingize ndani. Sijui ni nani atakayekushika mkono.

Mimi, mama yako,
Monika Kabamba